Trekta la Bafuni

Mume wangu hajawahi kununua kitu. Yeye huchagua. Kununua ni kazi ya watu wa kawaida kama mimi, ninayeingia dukani na shida na kutoka na mfuko. Yeye lazima kwanza asome, alinganishe, alale, aamke, asome tena, kisha aniulize maoni yangu ili apate kitu cha kukikataa. Pasi tuliyo nayo aliichagua kwa muda mrefu hata nikazoea kuvaa nguo zenye mikunjo. Kazini ni karani wa bima. Nyumbani nilimpa jina la Mhandisi, naye alilipokea kwa tabasamu la mtu asiyejua kama amesifiwa au ametukanwa.

Basi fikiria mtu huyo amekabidhiwa kazi ya kutafuta feni ya bafuni.

Bafu letu liko katikati ya nyumba na halina dirisha. Mvuke ukishajaa haujui pa kutokea, ndiyo maana waliojenga waliweka feni ya kuvuta hewa darini. Ile ya zamani tuliikuta humo tulipohamia. Ukiiwasha ilikohoa, ikajikusanya, kisha ikaanza kulima. Tukaiita Trekta. Lilivuta mvuke kidogo na kupiga kelele nyingi, na kwenye pembe za dari ukungu mweusi ulikuwa umeshajenga na kuhamia.

Lakini Trekta lilikuwa na faida yake. Nyumba yetu ni ndogo na kuta zake ni nyembamba. Ukipiga chafya chumbani, aliye jikoni anakupa pole. Kwa hiyo mwenye simu ya faragha aliingia bafuni, akaliwasha Trekta, akaketi juu ya kifuniko cha choo na kuongea atakavyo. Ndio uliokuwa utaratibu wetu. Mume wangu aliongelea huko mambo ya ofisi. Mimi nilikwenda huko kumsimulia rafiki yangu vituko vya mume wangu, ingawa kwa kweli vituko hivyo nilimwambia na mwenyewe, usoni, bila kuwasha chochote.

Mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa goti nilimchukua akae kwetu. Kaka alikuwa amekaa naye miaka yote, nami niliona sasa ni zamu yangu. Na sikutaka zamu ya goti peke yake. Nilitaka abaki moja kwa moja. Nauza vitambaa vya mapazia, nashinda nimesimama nikibishana na wateja wasiojua vipimo vya madirisha yao, na kurudi jioni nikamkuta mama yangu sebuleni kulinipa furaha ambayo sikuitegemea katika umri huu. Nilikuwa nikipanda ngazi mbilimbili kama mtoto aliyetoka shule.

Kisha asubuhi moja, akikoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani, akaniambia, "Mwisho wa mwezi kaka yako atakuja kunichukua."

"Kukuchukua wapi, Mama? Goti bado halijapona."

"Limepona la kunitosha."

"Kuna mtu amekuudhi?"

"Hakuna, mwanangu. Nimekaa vya kutosha tu."

Mtu mzima akisema amekaa vya kutosha, kuna kitu. Nikachunguza. Chakula? Anakimaliza. Kitanda? Godoro tulinunua jipya, yaani mimi nilinunua, ndiyo maana lilifika. Ndipo nikakumbuka kwamba chumba chake kinapakana na bafu. Kumbe mama wa watu alikuwa amelazwa shambani! Trekta lilikuwa likilima upande wa pili wa ukuta asubuhi, mchana na jioni. Hata mimi ningehama.

Jioni ile nikamweleza mume wangu. "Mama anaondoka kwa sababu ya kelele za feni. Tafuta isiyo na kelele kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi huu, Mhandisi, si wa mwaka kesho."

Macho yake yakang'aa. Nilijua nimefanya kosa.

Alipima bafu kwa futi ya chuma, urefu, upana na kimo, akasema feni ndogo kwa bafu kubwa hujichosha na kubwa kupita kiasi hupiga kelele za bure. Alizunguka maduka ya vifaa vya umeme akiomba kila feni iwashwe, kisha anafumba macho na kusikiliza. Muuzaji mmoja alimletea kiti akidhani amepatwa na kizunguzungu. Wakati wa kula, alitufundisha.

"Kelele zinapimwa kwa desibeli," alisema siku moja tukiwa mezani. "Feni nyingine wanaandika ni kimya, lakini wameipima ikiwa haijaunganishwa na bomba. Bomba likiwa refu na lenye kona kona, hata feni nzuri inaguna."

"Na wewe unapimwa kwa nini?" nikamuuliza. "Maana unaguna na bomba huna."

Akatabasamu. Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshapata moto. "Mama, huyu siku ya kunioa alichelewa, nadhani alikuwa bado analinganisha."

Mama hakucheka. Akainuka taratibu akishika meza, akasema anakwenda bafuni. Punde Trekta likaanza kulima na maneno yangu yakamezwa humo humo. "Unaona?" nikampigia kelele mume wangu. "Unaona mama yangu anavyoteseka?"

Hatimaye alichagua. Feni ilikuja katika boksi, nyeupe, nyembamba, na fundi wa umeme akaja nayo siku hiyo hiyo kabla Mhandisi hajabadili mawazo. Trekta likashushwa likiwa limevaa koti la vumbi na utando. Fundi akafupisha bomba, akalinyoosha mpaka kwenye tundu la ukuta wa nje, akafunga mashine juu ya vipande vya mpira ili isitetemeshe dari. Mume wangu alisimama chini ya ngazi akimsomea maelekezo ambayo fundi hakuyaomba. Kisha akanigeukia mimi.

"Ikitunzwa itakaa miaka. Unazima umeme kwanza kule kwenye swichi kubwa. Unavua kifuniko, unakiosha kwa maji ya sabuni. Mapanga unayafuta vumbi kwa brashi laini, polepole, usiyapinde. Vumbi likiganda upande mmoja yanapoteza mizani, ndipo kelele zinaanza."

"Hata mimi sijawahi kushikwa kwa uangalifu huo," nikasema, na fundi akacheka mpaka akashika ngazi.

Tukaiwasha. Hakuna kitu. Nilifikiri tumeuziwa sanamu. Mume wangu akakata kipande cha karatasi ya choo, akakiinua mpaka kwenye kifuniko cha feni, na karatasi ikanaswa pale juu, ikabaki imeganda. Ilikuwa inavuta, na ilikuwa kimya kama imelala. Nikamwita Mama aje aone. Alisimama mlangoni akitazama ile karatasi kwa muda.

"Ndiyo imewaka hivyo?" akauliza.

"Ndiyo, Mama," mkwewe akamjibu kwa fahari. "Sasa utapumzika."

"Haya," Mama akasema. "Ahsante, baba." Akarudi chumbani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza rangi ya mapazia nitakayomshonea kwa ajili ya kukaa kwake moja kwa moja.

Jioni iliyofuata tulikuwa sebuleni, mimi na mume wangu, televisheni ikinong'ona. Mama akapita na simu yake sikioni, akaingia bafuni, akafunga mlango. Tukasikia akisema, "Ngoja kwanza niwashe feni." Swichi ikalia. Kisha, kwa sauti ile ile aliyozoea kushindana nayo na Trekta, mama yangu akaanza kuongea na kaka.

"Haya sema! ... Goti halina neno ... Hapana, mume hana tatizo hata chembe. Ananichemshia maji ya kukanda goti kila asubuhi kabla hajaenda kazini. Tatizo ni mdogo wako."

Nikacheka kidogo. Nilidhani inakuja habari ya upishi wangu.

"Hafungi mdomo. Anamchoma mwenzake asubuhi, anamchoma jioni. Akila anachekwa, akisoma anachekwa, akimletea kitu anachekwa. Mbele yangu, mbele ya fundi. Na mtoto wa watu anatabasamu tu, mpaka mimi naona aibu ya kumtazama ... Nimwambie? Nimwambie nini? Atanifanya kichekesho na mimi ... Sasa sikiliza. Nilikuwa nikizidiwa nakuja huku, nawasha lile lifeni lao bovu, nakaa. Halikunisumbua hata siku moja. Lilikuwa linanifunika. Sasa wamelitoa, wameweka kitu hakisemi, namsikia mpaka nikiwa huku ndani. Njoo Jumamosi hii. Usingoje mwisho wa mwezi."

Nilimtazama mume wangu. Nilitaka acheke. Nilitaka anionyeshe kidole, aseme umeyasikia hayo, ili nimgeukie kwa hasira na mambo yawe kama kawaida. Hakucheka. Alikuwa akitazama viganja vyake. Kisha akachukua rimoti, akaongeza sauti ya televisheni, polepole, mpaka yale ya bafuni hayakusikika tena. Mpaka leo sijui alikuwa anamsitiri mama yangu au mimi.

Mama alipotoka alituuliza kama televisheni imeharibika.

Sikumwambia kwamba nimesikia. Ningemwambia, angeona haya, na angeondoka na haya yake juu ya lile goti. Nikanyamaza. Siku zilizobaki hadi Jumamosi nilinyamaza mezani, nikanyamaza jikoni, na kila mume wangu alipofungua kinywa nilimeza jambo. Yalikuwa mengi. Sikujua kwamba kwa siku moja tu mtu anaweza kumeza maneno mengi kiasi hicho, na karibu yote yalikuwa ya kuchekesha kweli. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi kaka akaja. Mume wangu akabeba begi la Mama na lile beseni la kukandia goti, akavishusha ngazi kimoja kimoja. Mama akabaki nami mlangoni, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu.

"Unaumwa? Mbona umepoa hivi?"

"Siumwi, Mama. Utarudi?"

"Nitakuja kuwasalimu," akasema.

Kuwasalimu. Kama jirani. Nikamshika mkono tukashuka, ngazi moja baada ya nyingine, na kwenye gari nikamfunga mkanda ambao angeweza kuufunga mwenyewe. Nililia wakati kaka anageuza gari, mgongo wangu ukiwa kwao.

Niliporudi juu nilimkuta mume wangu bafuni, amepanda kigoda, anafuta ukungu kwenye pembe za dari kwa kitambaa na dawa. Feni ilikuwa inavuta bila kusikika. Nikasimama mlangoni. Hapakuwa na mtu wa kumtetea wala wa kunisikia, tulikuwa wawili tu, na niliona nywele zake za nyuma zimeanza kuwa nyeupe.

"Feni umechagua vizuri," nikamwambia.

Akageuka, kitambaa mkononi, tabasamu lake lile lile limeshakaa tayari usoni, akasubiri nimalizie.