Koti Lililotoka Rukomani

Usiku wa jana niliota niko kwenye foleni ya kuingia makumbusho ya kambi ya Rukomani, nimevaa pajama na viatu vya kanisani, na hakuna aliyenishangaa. Rukomani ndiko mkoloni alikowafungia wanaume wa kijiji chetu wakati wa Hali ya Hatari. Baadaye kambi ikageuzwa shule, na mwaka huu wamefungua makumbusho. Safari yenyewe, ile ya kweli, nimeipanga Jumamosi ijayo. Ndoto haikuona haja ya kusubiri.

Kwanza niseme ninachokwenda kutafuta, maana hata ndotoni nilikuwa nacho kichwani. Babu yangu, Ngatia, alichukuliwa na askari asubuhi moja akapelekwa Rukomani. Alimwacha mke kijana na mtoto mgongoni. Hakurudi. Kambi ilipofungwa, jirani mmoja alikuja na habari moto: amemwona Ngatia stesheni kwa macho yake mawili, akipanda gari la moshi la kwenda upande wa Tanganyika, amevaa koti lake lilelile la kijivu. Alimwita kwa jina, hakugeuka.

Tangu siku hiyo nyanya yangu Wangeci akawa mke aliyeachwa. Kijiji kizima kilikubaliana hivyo bila kumuuliza.

"Mjane ana heshima yake," huniambia. "Hunyolewa nywele, huliliwa, huletewa unga. Mimi nililetewa porojo."

Miaka yote hiyo hakunyoa. Nywele zake alizifunga kwa kitambaa, na kabla hajafa alitaka kujua jambo moja tu: yeye ni mjane, au aliachwa? Kiuno hakimruhusu kusafiri, kwa hiyo amenituma mimi.

Mimi nina jina la babu, kama desturi yetu inavyotaka kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Kwetu jina halirithiwi peke yake, linakuja na mwenyewe. Ndiyo sababu Cucu, hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya, huniita mume wangu. Mume wangu, niletee chumvi. Mume wangu, mbona umenenepa hivi? Mke wangu wa kanisani aliudhika mwanzoni, siku hizi amezoea.

Basi niko langoni. Pana kibao: WAGENI WAACHE MIZIGO YOTE HAPA. Mbele yangu yuko mama mmoja mwenye kofia ya majani, jina lake Nyaguthii. Anaweka mkoba. Anaweka mwavuli.

"Na huo mwingine?" lango linamuuliza.

"Upi?"

"Wa mgongo."

Nyaguthii anapeleka mkono nyuma, anatoa maumivu yake ya mgongo, anayaweka rafuni karibu na mwavuli. Anapita amenyooka. Zamu yangu inafika, na lango linanitazama kwa muda.

"Umebeba swali," linasema. "Ni zito. Liweke hapo."

"Si langu. Nimetumwa."

Lango likafikiri, likasema ikiwa nimetumwa basi nipite, lakini nisiliegemeze ukutani.

Kiongozi wetu alikuwa kipaza sauti. Kilisimama juu ya mlingoti wake, kimevaa kofia ya kaki, na kilitembea kwa kurukaruka kwa huo mguu mmoja.

"Karibuni, wageni waheshimiwa," kikasema. "Mimi nilikuwa hapa tangu kambi inafunguliwa. Nilikuwa nikiwaambia watu wakiri, mchana na usiku, ili wasipate usingizi. Sasa nimepewa kazi ya kueleza historia. Kazi imebadilika, sauti ni ileile. Kuna swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali, isipokuwa mimi, na langu sikutaka kulitoa mbele ya watu.

"Kanuni ni moja," kikaendelea. "Zamani aliyekiri alisogezwa kambi ya karibu na kwao. Asiyekiri alisogezwa mbali zaidi. Wakubwa waliuita mpango huo bomba. Sisi hatujabadilisha chochote. Watalii hupenda kuona vitu vilivyokuwa."

Papo hapo ukuta ukafumbua mdomo, na kweli lilikuwa bomba, kubwa kama yale wanayozika chini ya barabara. Tukainama tukaingia.

Tunatokea darasani. Ni darasa langu la tatu, ramani ileile imechanika Afrika ya kusini. Tunaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni.

"Wewe mwenye kofia," kipaza sauti kinamwambia Nyaguthii. "Kiri."

"Maziwa ninayouza natia maji," anasema Nyaguthii upesi, kana kwamba alikuwa akingoja kuulizwa. "Si mengi."

Dirisha linafunguka. Nje pana migomba yake na ng'ombe wake, na ng'ombe anamtazama vibaya. Nyaguthii anaruka dirishani, anakwenda zake nyumbani. Wengine nao wakakiri wanayoyajua, mmoja mmoja, wakatoka. Nikabaki mimi.

Na mimi nilikuwa nayo ya kukiri, sitaki kujifanya malaika. Lakini nikafikiri: babu alikuwa mtu wa namna gani? Cucu husema ungemkuta na mkono ndani ya sufuria, asingekubali kwamba ana njaa. Mtu wa hivyo hakusogezwa karibu na kwao hata hatua moja. Kama namtaka, lazima nimfuate alikopelekwa.

"Sina la kukiri," nikasema.

Bomba likanimeza.

Nilitokea mahali penye joto na vumbi jekundu. Seng'enge alikuwa ameketi kwenye kigoda, anafuma sweta kwa miiba yake mwenyewe.

"Nimestaafu," akaniambia bila kuinua macho. "Inabidi mikono ipate shughuli."

"Sweta la nani?"

"Sijui. Kila nikilimaliza, hakuna anayetaka kulivaa."

Nikamwambia pole. Kipaza sauti kikaruka mpaka mbele yangu, kikaniuliza kama sasa nakiri. Nikasema sina la kukiri. Bomba likanimeza tena.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mimi na kipaza sauti. Kila nilipokataa, nyumbani kulizidi kuwa mbali, na nilihisi hivyo kifuani, si katika kusema tu. Harufu ya jikoni kwa Cucu ilinitoka puani. Kisha nikasahau rangi ya mlango wetu. Kisha nikasahau jina la mke wangu, nikashikwa na hofu ya kweli, kwa maana niligundua kwamba bomba hili halina pa kugeuzia. Nilitaka kupiga kelele kwamba mimi ni mgeni tu, nimekuja kutembea. Nikanyamaza. Nadhani wengi waliopita humo walikuwa na neno kama hilo.

Mwisho wa bomba palikuwa na chumba kimoja na sanduku moja la kioo. Ndani ya kioo limetundikwa koti la kijivu. Chini yake pana maandishi: KOTI. MWENYEWE HAJULIKANI.

"Hapa ndipo ziara inapoishia," kipaza sauti kikasema. "Hakuna mlango. Hili ni koti, la sufu, lilirudishwa na familia ya askari mmoja wa zamani, mnaweza kuona kola, mnaweza kuona mifuko, mifuko ni miwili." Kilisema na kusema. Nilihisi koti linajaribu kuniambia kitu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na kile kipaza sauti hakikutua hata kuvuta pumzi. "Na sasa," kikamalizia, "kwa heshima ya waliofia hapa, dakika moja ya kimya."

Dakika moja ya kimya ikaingia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye shuka jeusi, amejiletea kiti. Akaketi, akaweka mikono mapajani. Kipaza sauti kikavua kofia, kikafunga mdomo.

"Ngatia," koti likasema. "Umechelewa."

"Mimi si yule. Mimi ni mjukuu."

"Jina ni lile, mabega ni yale. Usinichoshe, tuna dakika moja."

"Babu yuko wapi?"

"Shuleni, uwanja wa mpira. Chini ya goli la upande wa mtoni. Watoto wanacheza juu yake, na nadhani hawamsumbui." Koti likakohoa vumbi. "Walinivua mwilini mwake kabla ya kumpiga, kwa sababu nilikuwa koti zuri, hawakutaka niharibike. Hakukiri. Mvua za kwanza zilimkuta keshazikwa."

"Lakini jirani alimwona stesheni. Alikuwa anakwenda Tanganyika."

"Tanganyika? Mtu huyo hakufika hata jikoni hapa kambini," koti likasema. "Aliyeonekana ni mimi. Askari aliyenichukua alinivaa akapanda gari la moshi. Nilisikia mtu anaita kwa nguvu, Ngatia! Ngatia! Nilitaka kugeuka, lakini ningegeuka vipi? Shingo haikuwa yangu."

Nililia hapo mbele ya kioo, na sioni haya kusema. Zaidi ya huzuni ilikuwa hasira. Nilimwona Cucu akiwa kijana, anateka maji mtoni, wenzake wanapunguza sauti akifika. Maisha yote ya mwanamke yalipindishwa na koti lililopita stesheni.

"Tazama kifungo cha pili," koti likasema.

Nikasogea. Vifungo vyote vilishonwa kwa uzi mweusi, isipokuwa hicho. Uzi wake ulikuwa mwekundu.

"Mkeo alikishona asubuhi ileile. Alikuwa anakata uzi kwa meno walipogonga mlango."

Yule mwanamke wa kimya akaanza kukusanya shuka lake. Nikauliza nitatokaje.

"Kwa kukiri. Hakuna njia nyingine."

"Nikiri nini? Kuhusu maziwa?"

"Babu yako alikuwa nalo moja la kukiri," koti likasema upesi. "Alinieleza mimi usiku, akawanyima wao kwa sababu halikuwahusu. Walipokuwa wanamtoa, alimwambia mkewe: nifunikie uji, narudi sasa hivi. Alijua harudi. Alisema ndio uongo pekee aliowahi kumwambia. Chukua huo."

Dakika akainuka, akabeba kiti chake, akatoka ukutani. Kipaza sauti kikavaa kofia.

"Ngatia," kikanguruma. "Kiri."

"Nakiri," nikasema. "Nilimwambia mke wangu narudi sasa hivi, na nilijua sirudi."

Kikanisogelea kikanikagua toka viatu vya kanisani hadi utosini, na sikujua kama kinanitambua au hakinitambui. Kwa jinsi wanavyoelewa watu wa Rukomani, Ngatia ni Ngatia. Hatimaye kikageukia bomba, kikatangaza kwa sauti iliyotikisa kioo:

"NGATIA AMEKIRI. NGATIA AENDE NYUMBANI."

Na kwa mbali, kambi baada ya kambi, nikasikia milango inafunguka.

"Twende wote," nikaliambia koti, na nikanyoosha mkono.

"Maonyesho hayaguswi," kipaza sauti kikasema.

"Niache," likasema koti. "Mimi nilishatoka mara moja, na umeona nilichosababisha."

Nikaamka.

Nilikuwa kwenye kitanda cha wageni nyumbani kwa Cucu. Kumepambazuka. Jina la mke wangu nilikuwa nalo, nililitaja mara kadhaa ili kuhakikisha. Viatu vya kanisani vilikuwa chini ya kitanda, visafi, havina hata chembe ya vumbi jekundu, nikajiambia haya, ni ile githeri niliyokula jana usiku tu.

"Mume wangu," Cucu akaita kutoka jikoni, "uji unaiva."

Nikaenda nikaketi kwenye kigoda. Alikuwa amenipa mgongo, anakoroga. Nilikusudia kunywa uji wangu ninyamaze, lakini lile swali lilikuwa bado na uzito wake.

"Cucu, lile koti la babu. Kifungo cha pili ulikishona kwa uzi wa rangi gani?"

Mwiko ukasimama ndani ya chungu.

"Nani amekwambia habari za kifungo?"

"Rangi gani, Cucu?"

"Mwekundu," akasema polepole. "Mweusi ulikuwa umekwisha. Nilipanga kukishona upya jioni. Sijamwambia mtu yeyote, niliona aibu, mwanamume mzima achukuliwe na uzi mwekundu kifuani."

Basi nikamweleza. Sikumwambia habari za lango wala seng'enge. Nilimwambia tu kwamba aliyeonekana stesheni lilikuwa koti, na shingo iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya askari. Nilimwambia habari za goli la upande wa mtoni. Mwishoni nikasema babu anaomba radhi kwa kusema anarudi sasa hivi, maana alijua harudi.

"Najua kwamba alijua," Cucu akasema. "Alivaa koti. Mtu anayerudi sasa hivi havai koti."

Akaepua chungu, akakiweka pembeni, akakifunika. Kisha akaketi kwenye mwanga wa mlangoni na kuanza kufungua kitambaa chake kichwani. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Nywele zikashuka mabegani, nyeupe zote. Sikuwahi kuziona.

"Kalete wembe," akaniambia. "Na maji ya uvuguvugu. Uwe mwangalifu nyuma ya masikio, mjukuu wangu."

Nikasimama kwenda kuuleta. Katika maisha yangu yote, alikuwa hajawahi kuniita mjukuu.