Vitambaa Vyekundu vya Povu

Shemeji yangu Povu alikamatwa kwa sababu ya kuanika nguo. Sifanyi utani. Yeye ni dobi, na kila dobi ana mtindo wake wa kujua shati hili ni la nani. Wengine hutia alama ya wino kwenye kola. Povu hataki kuchafua nguo ya mtu, kwa hiyo huzianika juu ya paa lake mteja kwa mteja, na baina ya mteja na mteja hufunga kitambaa chekundu. Basi. Ndege ya adui ikapita, ikapiga daraja. Asubuhi yake wakubwa wetu, badala ya kujiuliza kwa nini daraja halikuwa na ulinzi, wakatazama juu wakaona vitambaa. "Ishara!" wakasema. Wakamzoa pamoja na beseni lake.

Walimweka kwenye ghala la zamani la saruji, yeye na wenzake tele. Hakuna shtaka, hakuna hakimu, hakuna siku ya kutoka. Mpaka vita viishe, walisema. Vitaisha lini? Waulize hao hao wanaovipanga.

Marehemu mke wangu aliniachia vitu viwili: cherehani na huyu mdogo wake. "Usimtupe," aliniambia pale hospitalini, ambako dawa zote zilikuwa zimeshapelekwa jeshini. Kwa hiyo na hawa wakubwa nina ugomvi wa siku nyingi, wala sifichi.

Mimi ni fundi viatu. Buti za askari zilipoanza kuachama, waliniita ghalani kuzishona. Nikaenda na sindano yangu na mdomo wangu. Kila nikimwona afande mkuu wa pale, namuuliza:

"Afande, shemeji yangu atasikilizwa lini?"

"Mzee, hivi ni vita. Nikae nimsikilize kila mtu?"

"Mbona nafasi ya kumfunga mliipata?"

"Humo ndani wamo wabaya kweli kweli."

"Basi waulizeni! Akionekana mbaya mfungeni, mlango nitawashikia mwenyewe. Sasa hivi mnamjuaje mbaya, kwa harufu?"

Askari wa mlangoni aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Afande akaniambia nishone kimya.

Siku moja nimekaa uani penye meza yangu ya kazi, buti ya afande iko magotini, nikainua macho. Juu ya paa la ghala imevutwa kamba, na kwenye kamba magwanda, askari kwa askari, na katikati yake vitambaa vyekundu vinapepea kwa raha zao. Askari walikuwa wamechoka kufua, wakampa Povu kazi. Na Povu, Mungu ambariki, hajui kuanika kwa namna nyingine.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

"Afande, toka upesi! Kuna jasusi juu ya paa lako!"

Akatoka mbio, mguu mmoja una buti, mwingine una soksi. "Wapi?"

"Pale, baada ya suruali zako."

Akatazama. Sura ikambadilika, akapiga kelele, askari wawili wakapanda ngazi na bunduki. Hapo kicheko kikanikauka. Nikajisemea, mke wangu, nimekuulia mdogo wako kwa ajili ya mzaha.

Povu akashushwa, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni.

"Unampa nani ishara?" afande akafoka.

Povu akatoa kibanio. "Mpishi, afande."

"Mpishi gani?"

"Wa hapa. Namwonyesha suruali zake zinaishia wapi na zako zinaanzia wapi. Siku ya kwanza sikuwa na vitambaa, si ulivaa ya kwake ikakukomea magotini?"

"Na mimi nikakanyaga ya kwake kutwa nzima!" mpishi akaitikia kutoka jikoni.

Ua zima likaangua kicheko. Afande alijikaza, akashindwa.

"Mbona hukusema tangu ulipokamatwa?"

"Nimwambie nani, afande? Leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa."

Afande akaitazama soksi yake. Kisha akasema, "Nenda kwenu."

Nikamshika Povu mkono, tuondoke kabla hajaghairi. Mwenyewe akasimama kama mlingoti. "Na yule kinyozi, afande? Yeye walimkuta na kioo tu."

"Shemeji, funga mdomo," nikamnong'oneza.

Lakini afande alishasikia. Akavuta kigoda changu, akakaa. "Haya, mleteni kinyozi."

Kinyozi akaulizwa, akatoka. Akaja mwingine, akajikanyaga kwa maneno, akarudishwa ndani, na sikumtetea, angalau aliulizwa. Akafuata wa tatu.

"Mzee, buti yangu vipi? Nataka kwenda."

"Bado, afande. Vumilia kidogo."

Buti ilikuwa imekwisha zamani. Nikaipeleka chini ya meza, nikaifumua, nikaanza upya.