Barua Yenye Mishono

Maneno "biashara yako itafungwa" niliyasoma kwenye mfuko wa shati. Si mfuko wenyewe, ni patroni yake, ile karatasi ninayoiweka juu ya kitambaa nikikata. Niliigeuza kwa bahati tu, nikakuta muhuri wa ofisi ya kodi.

"Baba watoto! Hii karatasi umeitoa wapi?"

Mume wangu akaja, kikombe cha chai mkononi. "Si ililetwa siku ile uko kwa dada yako? Nikaona ngumu, nzuri, nikakuwekea kwenye boksi la patroni."

"Bila kusoma?"

"Na wewe si umeikata bila kusoma?"

Alinikomesha. Kweli, nilichora upande mweupe, nikakata mfuko, kola na kafu za mikono. Nikamkata jicho, nikakusanya vipande, nikakimbilia kwa Miwani.

Miwani ni mshauri wa kodi, ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la vioo. Miaka yote nimekuwa nikisema mtu yule analipwa kwa kusoma tu. Leo nilisimama mbele ya meza yake, vipande mkononi. Hakucheka, jamani. Alivipanga vipande mezani, akasoma polepole.

"Dada, hii si hukumu, ni makadirio. Hukupeleka hesabu za mwaka jana, wakakukadiria kama fundi aliyeshona mwaka mzima. Una siku thelathini za kupinga. Zikipita, wanafunga."

"Hesabu za nini? Mwaka jana nilivunjika mkono! Miezi minane sikushika mkasi!"

"Hata usipopata kitu, unawaandikia kwamba hukupata."

Cherehani zangu tatu nimezinunua moja moja kwa miaka kumi na moja. Nikawaza zikitolewa mlangoni na watu wasionijua, nikavuta kiti nikakaa.

"Una kitu cha kuonyesha hukufanya kazi?"

"Barua ya hospitali. Na daftari la vipimo." Kila mteja namwandika humo, tarehe, kifua, kiuno, bega, na kila mwezi una kurasa zake. "Ila kurasa za miezi ile minane hazina kitu."

"Hizo ndizo ninazozitaka. Sasa, barua iliandikwa lini? Kipande chenye tarehe hakipo."

Patroni ya kola! Ilikuwa inaning'inia msumarini kule karakana. Nikampigia mume wangu simu, akaisoma. "Tarehe tatu, mwezi uliopita."

Miwani akahesabu kwa kalamu kwenye kalenda. "Leo ndiyo siku ya thelathini. Dirisha lao linafungwa saa kumi."

Saa hiyo ilikuwa saba. Yeye akaandika pingamizi, mimi nikakimbia karakana na vile vipande, kuchukua daftari na barua ya hospitali. Barua ya kodi nayo nikaiunganisha kwa cherehani, gundi nani angeingoja ikauke? Saa kumi kasoro dakika nane tulikuwa dirishani.

Karani akaigeuza barua huku na huku. "Nani kaishona?"

"Mimi."

"Zigizagi?"

"Mshono wa kawaida ungeichana."

Akanitazama, akamtazama Miwani, akagonga muhuri wa kupokea. Nilishusha pumzi mpaka mtu wa nyuma yangu akaniuliza kama naumwa.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano, pamoja na daftari langu. Safari hii mume wangu aliyaleta kwa mikono miwili. Nikasoma mwenyewe, neno kwa neno: makadirio yamefutwa kwa kuzingatia kurasa tupu za daftari. Karakana inabaki. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia kwa sauti, wateja wakadhani tumefiwa.

Kisha nikazifungua kurasa zile. Nilikuwa nazionea aibu, siku mkono ulipopona nikataka kuzichana nizikate patroni. Mume wangu ndiye aliyelishika daftari akakataa. Alisema, "Ziache, mama. Na mwaka huo pia ulikuwa wako." Siku ile nikamwambia atoke hapa na maneno yake.

"Baba watoto," nikaita, "njoo."

Akaja mbiombio, uso umemshuka, akidhani kuna karatasi nyingine ameniharibia.

"Asante," nikamwambia.