Kumwitikia Tshibola

Asubuhi ya kumzika binti yangu, bafle ilianza kumeza maneno.

Ilikuwa spika ndogo ya bluetooth, ile binti yangu Tshibola aliyokuwa akisikilizia kwaya kitandani. Tuliiweka juu ya kiti cha plastiki karibu na jeneza, chini ya turubai, uani kwetu Manika. Ndimo ilimopaswa kutoka sauti ya Yaya Tshibola, dada mkubwa wa mume wangu. Binti yangu alipewa jina la Yaya, na wawili hao hawakuwahi kuitana vingine ila "majina". Yaya anakaa Dilolo. Mvua zilikuwa zimekata barabara, treni hakuna aliyejua itakuja lini, na maiti haingoji treni.

Sisi watu wa asili ya Kasai, hata tuliozaliwa hapa Kolwezi, hatufukii mtu kimya kimya. Anaghaniwa kasala: ukoo wake unatajwa jina kwa jina, na waliozunguka jeneza wanaitika "Eyo!" Mwishoni, kwa desturi ya ukoo wa mume wangu, mghani humwita marehemu, na mama mzazi hujibu neno moja: "Hayuko." Mghani asipolisikia hilo neno hanyamazi, na jeneza halitoki. Kumghania Tshibola ilikuwa haki ya majina wake, si ya mtu mwingine.

Simu ya Yaya ni ya zamani, application za kupigiana zimeikataa. Tulizoea kuongea naye kwa kiungo kinachofunguka kwenye navigateur, kivinjari cha mtandao. Jana yake tulijaribu, ikatoka safi. Kisha simu yangu ikajifanyia mise à jour, sasisho la programu, bila kuniuliza, na asubuhi tukasikia hivi:

"...bola! Mama ...bola, ...nanisikia?"

"Bola ni nani?" akauliza Fidélie, jirani yangu, ambaye mdomo wake haufungi hata kilioni. "Ile bafle iko na njaa. Inakula batu majina."

Wanawake wawili watatu walicheka chini chini. Mimi sikucheka, wala sikulia. Nilikuwa na kazi. Nina diploma ya secrétariat, nimeshughulika na mashine za ofisi zinazogoma, na najua haisaidii kuipiga mashine wala kuiombea. Unajaribu kitu kimoja, unaangalia, unajaribu kingine. Nilizima bluetooth nikawasha. Nilifuta muunganisho nikaufanya upya. Nilisafisha kumbukumbu ya navigateur. Nilikagua ruhusa za micro, kipaza sauti. Bado.

Mume wangu, Ntambwe, alikuja kusimama nyuma yangu, koti limelowa.

"Toa bafle, weka telefone peke."

Nikaitoa. Mvua ilikuwa inapiga turubai kwa nguvu. Hata mimi niliyeishika simu sikusikia kitu. Nikairudisha bafle.

"Mama Tshibola, batu ba makaburi banangoya. Shimo inajaa mayi."

"Bangoye."

"Ao unafanya kusudi?"

Niliendelea kubonyeza. Nilipokuwa nimeinamia simu, hakuna aliyenilazimisha kutazama jeneza.

Nikamwomba Yaya asali Baba Yetu bila kupumua. Ikatoka nzima, isipokuwa mwanzo. Nikamwomba asali tena, taratibu, akinyamaza kila mwisho wa mstari. Kila mstari ukafika umekatwa kichwa. Hapo nikaelewa. Tangu ile mise à jour, navigateur ilikuwa inailaza bafle kila inapokuta kimya, na bafle inachelewa kuamka. Neno la kwanza linaikuta bado imelala.

"Yaya, unisikilize. Usiseme jina kavu. Anza na *eee*, uvute, njo useme jina."

"...ee, kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, Yaya. Njo dawa yake."

"Eee, basi nitalilia mutoto kama mbuzi. Majina yangu angenicheka mpaka mbavu zimuume."

Akaanza.

"Eee, Tshibola wa Ntambwe!"

"Eyo!"

"Eee, Ntambwe wa Kabasele!"

"Eyo!"

Majina yalitoka mazima, moja baada ya jingine, mengine siyajui. Watu walisogea kutoka kwenye kuta, wakalizunguka jeneza. Kisha Yaya akaacha wafu wa zamani akaja kwa binti yangu. Tshibola alizaliwa na selimundu, SS kama tunavyosema, ugonjwa wa damu unaotafuna mifupa.

"Eee, mwanamuke aliyeumwa akaimba!"

"Eyo!"

"Eee, mugonjwa aliyeambia bazima: mwende mulale!"

"Eyo!"

Hilo lilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa nikalale.

"Eee, Tshibola! Tshibola ee! Uko?"

Hakuna aliyeitika. Wote walinigeukia. Nilisimama, simu mkononi, nikajiambia kwamba ni neno moja tu, na kwamba madaktari wameniambia makubwa kuliko hilo nikiwa nimesimama hivihivi.

"Hayuko," nikasema.

Dilolo ikajibu:

"Eee, namna gani? Mama Tshibola, unasema *yuko*?"

Ntambwe alifunika uso kwa mikono.

"Yuko? Ameamuka? Ee Nzambi, Mungu wangu! Agnès, kuya huku! Mutoto ameamuka!" Tukasikia vigelegele, vya Yaya na vya huyo Agnès, vikijaza turubai letu.

Bafle ina micro yake, na sauti yetu ilikuwa ikipitia humo. Nilikuwa nimetengeneza sauti ya Yaya kuja kwetu, nikasahau yetu kwenda kwake. Ule "Eyo!" wa watu wengi ukikatwa mwanzo, nani angejua? Lakini kabla ya neno langu kulikuwa na kimya, na bafle, ikiamka, ilikuwa imekula *ha*.

"Mwambie," alisema Fidélie, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Mwambie mbio, Mama Tshibola, anaita mutaa yote."

Nilijua la kufanya. Neno lilihitaji kutanguliwa na kitu. *Eee* ilikataa kutoka. Kilichotoka ni jina lake.

"Tshibola," nikasema, "Tshibola wangu, mutoto niliyezaa miye, hayuko. Hayuko, Yaya."

Vigelegele vilikatika. Yaya hakukumbuka kuvuta *eee*, kwa hiyo kilichotufikia kilikuwa kilio kisicho na mwanzo. Ntambwe akawaashiria wanaume, wakainama, wakanyanyua. Mimi niliendelea kulirudia lile neno ndani ya bafle, hayuko, hayuko, ili isilale, mpaka jeneza likawa limetoka nje ya uzio.