Mshumaa wa Februari

"Mama Sylvia, hilo lori lako linakohoa ama linahubiri?"

Navalayo, jirani yangu hapa Matungu, aliniuliza hivyo nikitoka misa. Lori aliloniachia marehemu mume wangu lilikuja kwetu likiwa limeshatumika, na sasa bolti mbili za manifodi, kile chuma kinachokusanya moshi wa injini, zilikuwa zimekatikia ndani. Ukiliwasha, kuku wanapanda paa.

Na miwa yangu ilikuwa imeshakatwa, imelala shambani ikikauka.

Shemeji yangu Andati, mulamwa kwa Kiluhya, akaja na bomba refu la chuma.

"Mulamwa, lori ni kitu ya wanaume. Nimepata mtu wa vyuma kuukuu, anakuja leo jioni."

"Bolti zikitoka kabla hajafika?"

"Basi lori ni lako, sitasema tena. Lakini hazitoki."

Akachomeka spana kwenye bomba, akaivamia bolti ya tatu, iliyokuwa nzima. Tak! Zikawa tatu.

"Hiyo ilikuwa imeoza," akasema.

Fundi Nehemiah, niliyekuwa nimemwita alitengeneze, akamtazama. "Mzee, simama na hilo bomba kule kwa choo."

Akachomelea nati juu ya kila kipande kilichobaki, kisha akaniita. "Mama, leta mshumaa. Chuma kikiwa moto, nta inapenya kwenye meno ya bolti."

Nyumbani nina mshumaa mmoja tu, ule padre hubariki Februari. Huuwasha mvua ya mawe ikitisha. Nikautoa sandukuni, nikafanya ishara ya msalaba.

"Mshumaa wa kanisa kwa lori?" Andati akapaza sauti. "Mungu anakuona!"

"Si ndiyo nataka."

Nta ikafuka moshi. Nehemiah akangoja chuma kipoe, akazungusha mbele kidogo, nyuma kidogo. Bolti ikalia kama nguruwe, ikatoka. Nikasali Salamu Maria. Ikatoka ya pili. Ya tatu, ile ya Andati, ndiyo ilitusumbua zaidi, lakini nayo ikatoka.

Tulipofunga bolti mpya na kuwasha, kuku waliendelea kuchakura.

Navalayo akaja mbio, mikono kichwani. "Uwi! Pole, Mama Sylvia! Mbona halikohoi? Limekufa?"

"Liko hai. Linaenda kubeba miwa." Nikamgeukia Andati. "Mulamwa, mtu wako wa vyuma akifika, muuzie hilo bomba."

Andati akalitazama bomba, akaliweka begani, akatoka langoni.