Kura ya Barabara

Mwaka uliotangulia vita, gari la farasi lililobeba jeneza la Anni, binti yao mdogo, lilikwama matopeni, pale barabara ilipokatiza kinamasi. Theis Majerus alilibeba jeneza begani hadi kanisani, na Ketti mkewe akamfuata nyuma, sketi imelowa tope hadi magotini.

Ndiyo maana Pier, kaka yake Ketti, alipogombea usimamizi wa barabara, Ketti alimhimiza mumewe akampigie kura. Wisconsin, jimbo la Marekani walikohamia, haikuwa na ubahili wa kura. Mgeni aliyekwisha kutangaza kwamba siku moja angekuwa raia aliruhusiwa kupiga. Pier akashinda, kinamasi kikafunikwa magogo na changarawe, na Theis akarudi shambani akijihesabu bado mtu wa Luxembourg.

Sasa Kaskazini na Kusini walikuwa wakiuana, na jina lake lilikuwa limetoka katika bahati nasibu ya kuwaingiza watu jeshini kwa lazima.

Kamishna wa uandikishaji aliisoma hati yake ya kuzaliwa bila haraka. Alikubali kwamba mgeni halazimishwi kupigana vita visivyo vyake. Lilibaki swali moja tu: je, amewahi kupiga kura hapa?

Pier alidakia. "Huyu shemeji yangu? Hata mke alichaguliwa na mama yake."

Watu wakacheka. Kamishna akaisukuma Biblia mbele ya Theis. "Nakuuliza wewe, bwana."

Theis alimtazama mkewe. Ketti alitikisa kichwa kidogo, akimsihi akane.

"Nilipiga," Theis alisema. "Mara moja. Ilikuwa ya barabara tu."

"Ya barabara nayo ni kura," kamishna akajibu, na sauti yake haikuwa na ubaya. Aliyepiga kura amekwisha kuwa mwenyeji, na mwenyeji huenda vitani.

Nje, Pier alimfokea. Neno moja tu lingemwokoa, na nani angemsuta?

"Kura ile niliipiga kwa ajili ya Anni," Theis alisema. "Nitaikanaje, shemeji?"

Siku ya kuondoka, Ketti alimpeleka mwenyewe. Walipofika kinamasini alivuta hatamu, farasi wakapunguza mwendo, lakini magurudumu yaliendelea kuviringika juu ya changarawe, laini, bila kushikwa na chochote.

"Kaka yako alifanya kazi nzuri," Theis alisema, akijaribu kutabasamu.

Macho ya Ketti yalikuwa chini, yakitafuta tope.