Samaki Waliowaka Makote

Mama walimnyoa mwezi wa sita, mchana kweupe, hapa Makote. Mama alikuwa anauza samaki wa bahari, na mteja alifunua ndoo ya mama kwenye stoo yenye giza, akakuta samaki wanawaka rangi ya buluu. Wakamwita fundi anayenyoa wachawi. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Edson, muuza samaki mwenzake. "Mama Faruku anatulisha maiti," alisema. Tangu siku hiyo mama hauzi kitu, anauza Edson peke yake.

Faruku ndiyo mimi. Shule niliacha darasa la sita, ila nilimfuata mwalimu Perpetua, anafundisha baiolojia.

"Shikamoo mwalimu. Samaki anawakaje?"

"Marahaba. Hao ni bakteria wa baharini. Samaki mnawaosha?"

"Kwa maji gani, mwalimu? Huku maji yenyewe ya kununua. Tunawaacha na chumvi yao."

"Ndiyo maana. Maji yasiyo na chumvi yangewaua hao bakteria."

Akanieleza. Ni vidudu havionekani kwa macho. Vinakula mizoga huko baharini, vinaigeuza chakula cha mimea ya majini. Visingekuwepo bahari ingejaa uozo. Vikiwa vingi vinawaka, samaki anafuata mwanga, anavimeza, navyo vinapata tumbo la kukaa.

"Mama yako hana kosa," alisema. "Waambie watu."

Nikasema sawa. Sikumwambia mtu.

Nilimwagiza konda wa basi la Mtwara dumu la maji ya bahari. Nikaloweka samaki mmoja, changu ambaye hajaoshwa, siku mbili, mpaka akawaka. Asubuhi Edson alipoenda kunywa chai nikamtumbukiza kwenye ndoo yake. Saa nane nikaingia dukani kwake na wateja watano, nikafunga mlango na dirisha, nikafunua ndoo: changu anawaka buluu.

Hakuna aliyebishana. Fundi akaletwa, Edson akakalishwa chini, kichwa kikaloweshwa maji. Alipouona wembe akaanza kuropoka.

"Siyo uchawi jamani, mimi nimekaa pwani miaka tisa. Samaki wa bahari huwa wanawaka. Ndiyo maana wangu nawaosha kila siku, sijui huyu katokea wapi."

Mzee Bwanali, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akamsogelea.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mzee."

"Na siku ya Mama Faruku ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi huyu siyo mchawi, fundi," mzee akasema. "Na yule mama hakuwa mchawi. Funga vitu vyako."

Fundi akaanza kufuta wembe. Mama alikuwa nyuma ya watu, akapita katikati yao mpaka mbele. Nilijua atamsamehe, maana ndivyo alivyo, na nilishakasirika kabla hajafungua mdomo.

"Uchawi hana, nimesikia," mama alisema. "Ila kichwa mmeshalowesha. Mnyoe."

Fundi akamtazama mzee. Mzee akatazama pembeni.

Mimi nikamshika Edson kichwa.